Baba kapata siku, asubuhi bado

Kila ikifika Juni, na Siku ya Baba nayo, mabishano huwa yale yale. Vijana wanaweka picha za baba zao kwenye stetasi za WhatsApp, mkahawa mmoja au miwili ya Mji Mkongwe inatangaza chai ya familia, na barazani wazee wanauliza hili nalo limezuka wapi. Mmoja atasema sikukuu zetu ni mbili na zinatutosha. Mwengine atamjibu kwamba mama ana siku yake Mei, na hakuna aliyetoka katika dini kwa kumpelekea mama yake doti ya kanga. Kijana ataingilia kuwa ni mapenzi tu. Mzee atamrudi: mapenzi gani hayo yanayosubiri mwaka? Dele la kahawa linakwisha, hakuna aliyeshinda, na cha ajabu ni kwamba akina baba wanaobishaniwa ndio hao hao waliokaa barazani. Nyumbani kwao chai imeshapoa.

Upande wa dini una wenyewe na mimi si mmoja wao. Langu ni jengine. Zanzibar haikupungukiwa na heshima kwa baba, na kumwongezea siku ya heshima ni kumpa tajiri zaka. Mkono wake tunaubusu, jina lake tunalibeba maisha yetu yote, akifa tunamsomea hitma na kumtolea sadaka. Kilichopungua ni yeye mwenyewe: kuwepo kwake nyumbani, akiwa macho, hana haraka, na wanawe wamemzunguka. Saa ambayo hilo lingewezekana, baina ya sala ya alfajiri na saa mbili asubuhi, ndiyo saa ambayo bahari, hoteli na gari za abiria zimeshamchukua. Kama tunataka kumfurahia baba, kwa chai, kwa hadithi na kwa muziki, basi tutafute asubuhi yake kwanza. Keki itafuata, au isifuate.

Wengi wanaoipinga siku hii wanadhani ilibuniwa na wenye maduka. Haikuwa hivyo. Tarehe 6 Desemba 1907 mgodi wa makaa ya mawe wa Monongah, katika jimbo la West Virginia nchini Marekani, uliripuka na kuua wanaume zaidi ya 360, wengi wao wahamiaji waliotoka Italia na kwengineko Ulaya kutafuta riziki. Mamia ya watoto walibaki bila baba. Julai 1908, katika mji wa jirani wa Fairmont, mwanamke mmoja aliyekuwa bado na majonzi ya baba yake mwenyewe alimwomba mchungaji wake afanye ibada maalumu ya kuwakumbuka akina baba. Ilifanywa, ikasahauliwa. Miaka miwili baadaye, upande wa pili wa nchi ile, katika mji wa Spokane, Sonora Smart Dodd alitaka baba yake ashukuriwe. Mzee huyo, William Smart, alipigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kisha akafiwa na mkewe, akabaki na watoto sita na kuwalea. Binti alitaka iwe tarehe 5 Juni, siku aliyozaliwa baba. Wachungaji wakamwambia hawatawahi kutayarisha mahubiri, ikasogezwa mpaka Jumapili ya tatu ya mwezi, tarehe 19 Juni 1910. Wauza tai za shingoni walikuja kudandia baadaye, na sheria ya kuifanya siku ya kudumu Rais Nixon aliitia saini mwaka 1972 tu.

Kwa hiyo Jumapili hii ya tatu ya Juni, ambayo wengine wanaishika kwa bidii na wengine wanaikimbia kwa bidii, ilipatikana kwa sababu wachungaji wa mji mmoja walihitaji muda zaidi wa kuandika. Italia na Hispania humkumbuka baba tarehe 19 Machi, Misri na Lebanon tarehe 21 Juni, Australia Septemba. Kila mtu kachukua pale palipomfaa.

Katika hadithi yote hiyo kilichonishika mimi ni mgodi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, iliyopakia watu kupita uwezo wake, ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Mwaka haukutimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Watu waliosubiri gatini asubuhi zile hawahitaji kuelezwa ibada ya Fairmont ilikuwa ya nini. Sisi tulisoma hitma, tukafanya kama dini inavyotuelekeza. Lakini hitma ni ya aliyekwenda. Watoto waliobaki walipata baba wengine: ami aliyechukua watoto wa kaka yake na kuwaingiza kwenye sinia moja na wake, babu aliyerudi kuvua akiwa na miaka 70, mjomba aliyelipa ada za skuli na hakumwambia mtu. Ningekuwa na amri juu ya siku ya baba Zanzibar, ningeanza na hao. Picha zao sizioni kwenye stetasi.

Sasa tuitazame Jumapili yenyewe. Asubuhi ya Jumapili watoto wengi wa Kizanzibari wako chuoni wanasoma Kurani, maana mapumziko ya chuo ni Alkhamisi jioni na Ijumaa. Mama wa pwani ya mashariki, maji yakiwa yametoka, yuko kwenye mwani. Na baba?

Mchukue mvuvi wa dagaa wa Kama au Mangapwani. Dagaa huvuliwa usiku, kwa taa, na taa haina kazi mwezi ukiwa mweupe. Wanaume hawa huondoka magharibi na kurudi alfajiri, usingizi umewalemea, siku zote za giza. Mwezi ukipevuka vyombo vinalala pwani, nyavu zinashonwa, na baba yuko nyumbani kwa siku kadhaa mfululizo. Nyumba za wavuvi wa dagaa zina siku ya baba kila mwezi, imeandikwa mbinguni, na kila mtoto wa pale anaijua bila kuambiwa na mtu wa duka. Mvuvi wa mshipi au wa madema naye ana bamvua na maji mafu yake, yaani siku za maji makubwa na za maji madogo. Anayekwenda dago ndiye mgumu zaidi: anahama na wenziwe kufuata samaki, Tanga, Kilwa, mpaka pwani ya Kenya, na nyumba haijui atarudi lini mpaka chombo kitie nanga. Kumwambia mtoto wa mtu wa dago kwamba siku ya baba ni Jumapili ya tatu ya Juni, wakati wa kusi, bahari imechafuka na baba yuko ng'ambo, si kumtendea wema.

Mvuvi angalau anavua kwa ajili ya nyumba yake. Mfanyakazi wa hoteli ana kisa chengine, na hiki kinanikera zaidi kwa sababu hakuna anayekizungumza. Gari ya wafanyakazi inampitia baba huyu kabla hakujapambazuka. Saa moja asubuhi, Nungwi au Kiwengwa au Paje, yuko nyuma ya meza ndefu amevaa aproni nyeupe, anakaanga mayai kwa kadiri kila mtu anavyoyataka, anapanga nanasi, papai na shokishoki, na anamuuliza mgeni kama atakunywa kahawa au chai. Mbele yake, meza kwa meza, wamekaa baba wa watu na watoto wao, hawana haraka, wanamwagiana juisi na kucheka. Kazi yake ni kuitengeneza ile asubuhi ambayo yeye hana. Sisemi utalii ni mbaya. Unalisha nyumba nyingi na mwenye kuutukana aje na mbadala wake. Ninasema tumejenga kisiwa kinachouza chai ya asubuhi ya familia kwa dola, na Juni ndipo msimu unapochangamka, kwa hiyo Jumapili ya baba mkahawa wa hoteli utakuwa umepambwa kwa ajili ya akina baba, na baba atakuwa ameshika sinia.

Halafu inakuja masika, Aprili na Mei, baadhi ya hoteli zinafunga na wafanyakazi wanarudishwa nyumbani, wengine bila ya mshahara. Hapo baba yupo asubuhi zote. Lakini baba asiye na kitu mfukoni haoni raha ya kukaa mkekani akitazamwa na watoto. Anapiga mswaki, anavaa kofia, anakwenda barazani. Asubuhi inahitaji muda, na inahitaji uso usio na aibu.

Kwa nini nimeng'ang'ania chai ya asubuhi? Kwa sababu vyakula vyetu vyengine vimeshagawanywa. Chakula cha mchana cha Ijumaa ni cha wageni, na wanaume wanakula sinia yao na wanawake yao. Mwezi wa Ramadhani, vijijini hasa, futari ya wanaume inatolewa nje, kila nyumba na bakuli lake, watu wanakula pamoja barazani. Ni ada nzuri mno na sitaki ife, lakini nayo inamtoa baba nyumbani saa ile ile watoto wanapomtaka. Chai imesalimika. Chai haina itifaki. Mkeka umetandikwa uwani, chupa ya chai katikati, mtoto wa kike na wa kiume wote wamo, na baba ameketi na fulana yake na msuli, hakuvaa kanzu ya kuonekana na watu.

Tena chai ya Kizanzibari ni jambo kubwa. Muhogo wa nazi, mbaazi za nazi, chapati za maji, vitumbua, samaki wa jana aliyekaangwa tena mpaka akakauka, chai yenye tangawizi na mdalasini, au mchaichai kwa wasiopenda majani. Siku ya Idi huongezeka mkate wa kumimina, mkate wa mayai na boko boko la ngano na nyama lililopondwa usiku kucha. Nyumba isiyo na uwezo ina muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi, na chai ya rangi haijamzuia mtu kuzungumza. Katika mpango huu wote baba wa mjini ana kazi moja ya zamani: akitoka msikitini alfajiri anapita kwa muuza mikate, anarudi na boflo kwapani. Ni kazi ndogo, lakini ilikuwa inamrudisha nyumbani kabla ya barazani. Siku hizi mtoto anatumwa, na baba anaunganisha msikiti na baraza moja kwa moja.

Sasa kuna jambo ambalo wanaume hawapendi kulisikia. Chai ya kumfurahisha baba inapikwa na nani? Mama ameamka saa kumi na moja, amekuna nazi mbili, amechuja tui, amepika vitumbua kimoja kimoja, ndipo watoto wanampa baba zawadi na kupiga picha. Kama hiyo ndiyo siku ya baba, basi ni siku ya baba kwa jasho la mama, na zipo 300 na zaidi za namna hiyo kwa mwaka. Dawa yake ni rahisi. Kila mtaa una mwanamke anayeuza chapati na mbaazi mlangoni kwake. Watoto wachange, wanunue, na yule mama naye apate. Au baba apike. Mnacheka, lakini mtu wa dago anapika wali, anapika mchuzi, anakanda ugali wa watu wanane chomboni kwenye mawimbi. Akifika nyumbani tu mikono inalegea, anauliza nani atamtilia chai.

Na kuna baba mwenye nyumba mbili. Huyu kila mtu anamjua na hakuna anayemtaja katika matangazo ya siku ya baba. Zamu yake iko pale pale: usiku huu kwa bi mkubwa, ule kwa bi mdogo, kama sharia inavyomtaka afanye uadilifu. Jumapili ya tatu ya Juni lazima iangukie zamu ya mmoja. Watoto wa nyumba moja wanapiga picha na baba na birika, wa nyumba ya pili wanaziona kwenye simu saa mbili baadaye. Mimi niliwahi kusikia mtoto wa skuli ya msingi akiuliza, bila ya uchungu wowote, kwa kutaka kujua tu, kama siku ya baba inaweza kuwa mbili. Mkubwa aliyekuwepo akamwambia anyamaze. Swali lilikuwa zuri kuliko jibu. Ndiyo, inaweza kuwa mbili. Ikiwa siku ya baba ni asubuhi ambayo baba yupo, basi kila nyumba ina yake na hakuna wa kumwonea wivu mwenziwe.

Walioachana nao wapo wengi, na hapa inabidi nipite haraka kwa sababu ni uwanja wa mahakama ya Kadhi na si wa safu hii. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Na. 6 ya mwaka 2011, inamtaka mzazi amtunze mtoto, talaka iwepo isiwepo. Baba asiyetoa matunzo, kisha Juni akatarajia kuimbiwa, hana hoja. Lakini mtoto wake akimpenda na akaweka picha yake, mwacheni mtoto. Wanaomshambulia kwa maneno ya baba gani huyo, alikununulia nini, wanamtoza mtoto deni la mtu mzima.

Nirudi kwenye hadithi, maana hapo ndipo baba wa Kizanzibari ana utajiri na ndipo alipo bahili. Paukwa, pakawa ni ya bibi. Jioni, kibaraza cha nyuma, bibi ndiye mwenye sungura na fisi na jini la mbuyuni. Baba hana zamu katika hadithi hizo. Zamu yake ilikuwa kwenye kazi. Pemba, msimu wa karafuu, mzigo ukishuka kutoka shamba nyumba nzima na majirani walikaa kuizunguka chungu ile ya karafuu usiku, taa katikati, kila mtu anachambua: karafuu huku, makonyo, vile vikonyo vyake, kule. Mikono ikiwa na kazi ulimi hufunguka. Hapo ndipo mtoto aliposikia baba yake alivyoanguka mkarafuu akiwa kijana, alivyovuka kwenda Tanga kwa jahazi na upepo ukakata, nani alimpenda kabla ya mama, na mama anacheka upande wa pili wa chungu. Bado wapo wanaochambua hivyo. Lakini televisheni imekaa pale taa ilipokuwa, na watoto wa mjini hawajui makonyo ni nini.

Marehemu Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyezaliwa mwaka 1933, alikuwa mvuvi na baharia kabla watu hawajamwita mshairi, na yaliyomo katika tungo zake yanatoka humo humo: upepo, nyavu, vyombo, watu wa pwani. Yeye aliyasema. Je, wangapi wa umri wake walikuwa na bahari ile ile kifuani na walizikwa nayo?

Kuna pia yale ambayo baba hakutaka kuyasema. Mtu aliyekuwa kijana tarehe 12 Januari 1964 aliona mambo, upande wowote aliokuwepo. Aliyekuwa na watoto wadogo miaka ya mwanzo ya 1970 anakumbuka foleni za mchele na unga wa ngano. Wapo Pemba ambao Januari na Februari 2001 walivuka usiku kwenda Shimoni, Kenya, wakikimbia machafuko ya kisiasa, katika kundi la watu zaidi ya 2,000, na watoto wao waliozaliwa baadaye wanalijua jina la Shimoni kwa kulisikia likikatizwa tu wao wakiingia chumbani. Wengine walinyamaza kwa hofu, wengine kwa kutotaka kurithisha chuki. Siwalaumu. Wala sisemi chai ya asubuhi iwe kikao cha kuhojiana. Ila baba akiulizwa mshahara wake wa kwanza aliununulia nini, au ngalawa yake ya kwanza ilitengenezwa na fundi gani, ataanza hapo, na siku nyengine ataendelea mwenyewe. Simu ambayo ingempiga picha inaweza kulazwa pembeni ikarekodi sauti. Hiyo picha anayo tayari kwenye kitambulisho. Sauti yake anayo nani?

Baba zetu wanasema mwanamme hatoi machozi mbele ya watoto. Sijui wanakuwa wapi sura ya Yusuf inaposomwa. Nabii Yakub alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe, na wana wengine walipomlaumu hakuona haya. Alisema huzuni yake anamshitakia Mola wake. Sura ile ile inaanza na mtoto anayemhadithia baba yake ndoto. Watoto wetu wanaihifadhi chuoni neno kwa neno. Ni mkasa wa baba na mwana, wenye ndoto, wivu, kanzu yenye damu ya uongo na harufu inayotambulikana kutoka mbali, na baba wengi hawajawahi kukaa na wanao wakausimulia kwa Kiswahili, tangu kisima mpaka Misri. Hiyo peke yake inatosha asubuhi tatu.

Muziki ndio ulionishinda kuelewa. Fikirieni harusi ya Kizanzibari. Baba wa bibi harusi ndiye mwenye mzigo. Msikitini, mbele ya Kadhi na mashahidi, ndiye anayemwoza mwanawe kwa mdomo wake, na hapo utamwona sauti inamkwama kidogo, labda mara moja katika maisha yake hadharani. Basi. Baada ya hapo wanaume wanakula pilau na kuondoka. Taarab ni usiku, na ni ya wanawake: wamevaa, wamepaka hina, wanainuka na noti kumtunza mwimbaji kwenye ule mstari unaomchoma jirani. Aliyelipia ukumbi, kikundi na vipaza sauti yuko nyumbani amelala, au barazani anahesabu madeni. Maisha yake yote baba huyu anagharimia muziki usiomwimba na asiousikia.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa mjini mwaka 1905, kilikuwa cha wanaume, waliokaa kupiga udi, kanuni na fidla kwa kujiburudisha. Wanawake waliuingia muziki huu baadaye na kuutia Kiswahili na uhai, Siti binti Saad mbele yao, mzaliwa wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu. Sauti yake iliporekodiwa Bombay mwaka 1928, jina la mzee Saad lilisafiri nayo kila santuri ilikokwenda. Bi Kidude naye, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alikuwa Fatuma binti Baraka, na baba yake akiuza nazi. Sauti mbili kubwa kupita zote za visiwa hivi zimebeba majina ya baba wawili maskini, moja la mkulima na moja la muuza nazi, na tunayataja kila siku bila kuwafikiria wenye majina.

Pamoja na hayo, jaribuni kuhesabu nyimbo. Za mpenzi hazina idadi, za mke mwenza zinatosha kugombanisha mtaa, za mama zinaliza watu ukumbini. Za baba utazitafuta kwa taa. Hata kanga, yenye jina la kumwambia kila mtu neno lake, haina cha kumwambia baba, kwa kuwa yeye havai. Tunampa kofia. Kofia ya viua, iliyotobolewa na kushonwa kwa mkono miezi mingi, ni zawadi isiyo na mfano, lakini haisemi. Ndiyo maana kijana wa leo anakimbilia keki yenye maandishi ya Kiingereza ambayo baba anamuuliza mjukuu yamesemaje. Si kwamba kijana ameiga tu. Ametafuta maneno ya kumwambia baba katika ghala la kwao akalikuta tupu.

Ghala hilo linaweza kujazwa, na watu wa kulijaza tunao. Watunzi wa taarab wapo, na wanajua kutia kisu ndani ya hariri. Waitie na shukurani basi. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002, kimefundisha vijana wengi, wa kike kwa wa kiume, kushika kanuni na fidla. Kuna watakaosema ukumbi wa kuchanganyika baba na mabinti utaleta maneno. Sawa, tusiende ukumbini. Kidumbak, ile taarab ndogo ya ngoma, hakitaki ukumbi: sanduku la besi, ngoma mbili ndogo za vidumbak, fidla, mwimbaji mmoja mwenye pumzi, na uwa wa nyumba unatosha. Kije asubuhi, mwezi ukiwa mpevu na boti za dagaa zimelala, au siku ya zamu ya mapumziko ya mtu wa hoteli, hata ikiwa Jumanne. Mwimbaji aanze na jina la baba na la baba yake. Safari hii anayeinuka na noti awe mtoto, na anayetunzwa awe aliyekaa mkekani na kikombe chake, atake asitake, aone haya asione.

Gharama si kubwa, kidumbak hakijawahi kuwa ghali. Ila wachange watoto. Akiachiwa baba, atalipa kimya kimya kama alivyozoea, kisha atatafuta kofia yake aende barazani.